Picha ya Kumi na Mbili

Jericho, Nairobi
14 Januari 1979

Kwako Baba mpendwa,

Hujambo huko Migwani? Macho yanaendeleaje? Mimi ni mzima. Kazi ya nasari inaendelea, watoto wananipigia kelele tangu asubuhi mpaka saa saba, nami nawapigia wao. Nyumba iko salama na paa halivuji tena upande wa jikoni. Jirani yetu Nduta anakusalimu sana, anasema tangu ustaafu uhamie nyumbani hana mtu wa kubishana naye pale mferejini.

Baba, usinikasirikie. Nimeitoa kamera yako sandukuni. Najua ulisema isiguswe mpaka nitakapoolewa, lakini kuolewa kwenyewe kunachelewa na kamera inaota kutu. Nilinunua filamu moja mjini, nikatundika lile shuka la buluu ukutani, nikatoa ile stuli aliyokutengenezea Mzee Mbuthia kwenye karakana yake ya Gikomba, kisha nikamwita Nduta na wanawe. Ilikuwa asubuhi kabla ya ibada, jua limejaa dirishani. Nikawaza, penye mwanga ndipo penye picha, nikawakalisha wakiwa wameligeuzia dirisha mgongo.

Zilipotoka kuoshwa, wote walikuwa weusi kama masizi. Dirisha ndilo lililotoka vizuri, hata misumari yake unaweza kuihesabu. Nduta aliigeuza picha huku na huku akaniuliza, "Sasa hapa mimi ni gani na pazia ni gani?" Mtaa mzima umecheka. Kijana mmoja wa nyumba za nyuma ameniambia, "Ndindi, buda wako alikuwa anapiga watu. Wewe unapiga vivuli."

Halafu kamera yenyewe ina wazimu. Nikichungulia kwa juu namwona mtu yuko kulia, nikimfuata anakimbilia kushoto.

Nifundishe, Baba. Tangu kamera itoke, Jumapili watu wameanza tena kugonga mlango wakiwa wamepaka mafuta na kuvaa viatu vya kung'aa, wanauliza kama Munyoki yupo. Inaniuma kuwarudisha. Na lile koti jeusi la wateja bado linaning'inia kwenye msumari wake.

Mwanao,
Ndindi


Migwani
4 Februari 1979

Kwako mwanangu Ndindi,

Barua yako imefika na tumeisoma mara mbili. Mimi ni mzima isipokuwa macho. Sasa naona mchana kama mtu anayechungulia ndani ya glasi ya maziwa. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Nimemwambia mtoto huyo amelelewa vya kutosha, ahame. Anayeandika hapa ni rafiki yangu Mwalimu Zedekiah, aliyestaafu mwaka mmoja nami. Maneno ni yangu, mwandiko mzuri ni wake, na makosa yote ni yake pia. (Hakuna makosa. Z.)

Sijakasirika. Nimecheka mpaka kuku wakakimbia. Sasa sikiliza.

Mtu hapewi dirisha mgongoni, wala halitazami kama anayengoja mgeni. Anapewa begani. Mkalishe bega la kushoto likiwa karibu na dirisha, kisha umwambie akugeuzie uso taratibu. Utaona nusu moja ya uso inaamka. Na usipige asubuhi. Dirisha letu linatazama mashariki, kabla ya saa tano jua linaingia lenyewe na viatu vyake na kukanyaga watu usoni. Ngoja watu watoke kanisani, jua liwe limevuka paa. Mwanga unaobaki hapo ni mpole, haumwonei hata mwenye makunyanzi. Mimi niliendesha lori siku sita kwa juma, na siku ya saba mwanga ule ulikuwa unaningoja nyumbani bila kudai chochote.

Ile nusu nyingine ya uso itabaki gizani. Hiyo inataka sinia. Lile sinia kubwa la aluminiamu, mtu asimame nalo upande wa pili, aurudishe mwanga wa dirisha kwenye shavu lenye kiza. Lisisuguliwe sana kwa majivu, likiwaka mno mtu anakunja macho. Julai mawingu yakifunga, weka balbu ndani ya sufuria kuukuu, mbele yake utundike karatasi ya unga, shibiri mbili kutoka kwenye balbu, la sivyo utaunguza nyumba. Mimi niliunguza pazia mwaka wa sitini na nne.

Kuhusu kamera kukimbia, hiyo ndiyo tabia yake. Mtu akienda kushoto, wewe nenda kushoto hata kama macho yanakwambia kulia. Iweke mezani, ushike pumzi, ubonyeze. Filamu ina picha kumi na mbili tu. Ukimaliza ndiyo basi.

Nakumbuka sana Jumapili zile. Foleni ilifika mpaka kwa Nduta. Wanaume wote wa Jericho walipigwa wakiwa ndani ya koti lile moja, wanene tuliliacha wazi, wembamba tulilibana nyuma kwa vibanio vya nguo. Huko vijijini kila mama aliamini mwanawe ana koti Nairobi.

Babako,
Munyoki


Jericho, Nairobi
11 Machi 1979

Kwako Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mwalimu Zedekiah mwenye mwandiko wa kuonewa wivu. Natumai mvua imeanza huko. Hapa imenyesha siku mbili na tope limerudi kwenye nafasi yake.

Baba, nimeweza! Nilimpa Nduta dirisha begani. Nikamwomba Norah, mwalimu mwenzangu wa nasari, ashike sinia. Nilipochungulia nikaona lile shavu la kiza linajaa polepole, nikasahau hata kubonyeza. Nduta amekwenda na picha hiyo mpaka Soko la Burma kuwaonyesha wauza nyama. Wiki iliyopita nilimaliza filamu mbili. Koti limerudi kazini.

Ila kuna jambo limenikosesha raha. Ulisema nijifunze kwa kuangalia zako, basi nikafungua lile kopo la biskuti lenye filamu zako zilizooshwa. Siku mbili nzima nimezishika moja moja dirishani. Baba, mtaa wote umo humo. Maharusi, mapacha, wazee waliokwisha kufa, mimi mwenyewe nikiwa sina meno ya mbele. Jambo nililoliona ni hili: picha kwenye filamu ni mraba, lakini zile tulizowapa watu zilikuwa ndefu, kwa hiyo pembeni palikatwa. Na pale pembeni palipokatwa, karibu katika kila picha, upo mkono umeshika sinia. Mkono wa Mama. Naujua kwa kile kidole kilichopindwa na mlango.

Nikaanza kumtafuta Mama mwenyewe. Nimehesabu watu zaidi ya mia nne. Mama hayumo. Miaka minane ya kazi ile, Baba, na hakuna hata picha moja ya uso wake. Ni mkono tu.

Tena ipo moja iliyonishangaza kwa kukosa ufundi. Mzee Mbuthia amekaa kwenye stuli, amekumbatia redio. Nusu ya uso wake ni giza tupu, kama zile zangu za Januari. Wewe hukuwa mtu wa kukosea hivyo. Pembeni mkono haupo.

Jumapili jioni nilikwenda Njiru kumsalimu Mama. Nilimuuliza kwa nini hana picha. Aliendelea kuchambua mchicha, akasema, "Muulize babako habari ya picha ya kumi na mbili." Hakuongeza neno, akanifungia mchicha nije nao.

Basi ndiyo nakuuliza, Baba. Mama alipoondoka nilikuwa na miaka kumi, kila mtu akaniambia ni mambo ya watu wazima. Sasa nina ishirini na moja.

Mwanao,
Ndindi


Jericho, Nairobi
20 Mei 1979

Kwako Baba,

Hujambo? Mwezi wa pili unakwisha na sijapata jibu. Nimemuuliza dereva wa basi la Migwani, anasema alikuona sokoni ukinunua tumbaku, kwa hiyo najua u hai. Kama nimevunja heshima katika barua yangu, nisamehe. Sikuuliza ili nikuaibishe. Niliuliza kwa sababu nimekaa na nyuso za watu mia nne mezani, na uso ninaoutaka haumo.

Picha zinaendelea. Nimepiga maharusi wawili na mtoto mmoja aliyelia mpaka mwisho.

Nakungoja.

Mwanao,
Ndindi


Migwani
17 Juni 1979

Ndindi mwanangu,

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Nimeanza tarehe kumi Aprili. Naandika saa za mchana, uani, mistari mitatu kwa siku, jicho likichoka naacha. Mstari ukipanda mlima usijali, ufuate tu. Zedekiah nimemwambia aende akachunge mbuzi wake, maana haya sikutaka yapite kwenye mkono wa mtu mwingine.

Hukuvunja heshima. Mimi ndiye niliyeivunja, zamani.

Filamu ina picha kumi na mbili. Tulipoanza kazi ile, nilimwambia mamako: kumi na moja za wateja, ya kumi na mbili yako. Alifurahi sana. Jumapili ya kwanza, kabla sijampiga, mtu akagonga. Alikuwa anasafiri. Nikasema, Nzembi, wiki ijayo. Wiki iliyofuata akaja mwenye mtoto mgonjwa. Kila Jumapili kulikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na sababu, na mimi nilikuwa mtu mwema kwa kila aliyegonga mlango. Mamako alisimama na sinia. Ungesikia wateja wakitoka wanasema, "Munyoki ana mwanga." Nilipokea sifa zile. Mwanga ulikuwa wa mamako. Mimi nilikuwa nabonyeza tu.

Mwaka wa sitini na nane, mwezi wa Agosti, alishona rinda. La rangi ya machungwa, kola nyeupe. Alisukwa siku mbili. Hakuniomba. Wateja kumi na mmoja walipokwisha, alikwenda mwenyewe akakaa kwenye stuli, bega dirishani, akatulia. Wewe tulikuwa tumekutuma Burma kununua nyama. Nilimchungulia kwenye kioo cha kamera. Mwanangu, alikuwa mzuri mpaka nikaona haya.

Mbuthia akagonga. Amenunua redio. Anataka kupigwa nayo leo, wakati ingali na karatasi yake.

Nikamwambia mamako, "Inuka kidogo, tummalize huyu." Tena nikasema, "Tushikie sinia."

Aliinuka. Akalichukua sinia, akalitazama. Kisha akaliweka kitandani taratibu kabisa, kama mtu anayemlaza mtoto, akatoka na rinda lake. Nikadhani amekwenda kwa Nduta. Nikampiga Mbuthia hivyohivyo, na ndiyo maana nusu yake ni giza.

Ulirudi na nyama, hayupo. Nyama ile tuliila Jumatatu.

Kosa kubwa si hilo. Kosa kubwa ni kwamba nilipotuma wazee Njiru kwa dada yake kumrudisha, niliwaambia ameondoka bila sababu. Walipomuuliza, alisema, "Mwambieni redio inamsalimu." Wazee wakadhani ana kichaa, nami nikawaacha wadhani hivyo. Wao sasa wamekufa wote, sina wa kumsahihishia maneno. Nimebaki na wewe.

Sikuacha kupiga picha kwa sababu ya macho, kama nilivyokwambia. Niliacha mwezi uleule. Niliwakalisha watu, nikachungulia, nikaona nusu ya uso, nikakosa wa kusimama upande wa pili.

Unaweza kumsomea haya akitaka. Asipotaka, yachome.

Babako,
Munyoki


Jericho, Nairobi
8 Julai 1979

Kwako Baba,

Natumai jicho limepumzika baada ya kazi ile. Barua yako imefika. Sitaandika nililia kiasi gani, karatasi ni ndogo. Nilikukasirikia siku tatu, Baba, usidhani sikukasirika. Siku ya nne nilitazama tena mistari yako ikipanda na kushuka, hasira ikapata mahali pa kukaa.

Jana nilikwenda Njiru. Mama alikuwa anapura maharagwe. Nikamwambia nina barua yako, akasema nisome, yeye ataendelea na kazi. Nilisoma yote. Nilipofika kwa wazee, aliacha kupiga maharagwe. Nilipomaliza alifuta mikono, akaniomba karatasi. Unajua Mama hasomi vizuri. Aliishika mbali, kisha karibu, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama. Tangu Aprili."

"Na haoni?"

"Anaona kidogo."

Akaikunja barua taratibu. Halafu akasema, "Nilidhani amesahau rangi ya rinda." Aliingia ndani akakaa muda mrefu, nikawa napura mimi. Alipotoka alikuwa ameosha uso. Akasema nikuandikie maneno haya kama yalivyo: "Nitakuja Jericho nikae kwenye stuli ile, Ndindi anipige. Lakini sinia atashika Munyoki. Si Norah, si mtu mwingine."

Nimeyaandika kama yalivyo. Sasa ni juu yako.

Mwanao,
Ndindi


Migwani
29 Julai 1979

Kwako mwanangu,

Hatujambo. Mahindi yamevunwa kidogo, kunguru wamevuna zaidi. Zedekiah amerudi kazini baada ya kuninunia wiki tatu.

Nimeyasikia maneno ya mamako. Nimeyafikiri. Mwanangu, safari ni ndefu na mimi sioni ngazi ya basi. Tena mahindi hayajapukuchuliwa. Tena Jericho watu wananijua, mtaani watasema nini wakimwona Munyoki mzima, mwenye mvi, amesimama na sinia kama mpishi wa arusi? Mpige tu mamako, Norah ashike. Picha ikitoka nitafurahi sana. Mwambie namtakia heri.

Babako,
Munyoki

(Mimi mwandishi naongeza bila ruhusa. Mahindi yalipukuchuliwa juzi, nilisaidia. Na basi nitampandisha mimi. Anaogopa. Z.)


Jericho, Nairobi
12 Agosti 1979

Kwako Baba,

Hujambo, na Mwalimu hajambo. Nitaandika kifupi.

Nimetia filamu kwenye kamera. Nimepiga kumi na moja. Ya kumi na mbili imo ndani, na sitaipiga kwa mtu yeyote. Jumapili iliyopita niliwarudisha watu tisa. Nduta ananiambia nimerukwa na akili. Kijana wa nyumba za nyuma alikuja na mchumba wake, ananibembeleza, "Moja tu, Ndindi, manzi anarudi kwao ushago kesho." Nikamwambia ina mwenyewe. Ilinichoma, Baba. Nimejua sasa ilivyokuwa rahisi kwako kusema ndiyo.

Mama anakuja kila Jumapili kutoka Njiru. Anakaa mpaka saa kumi, anakunywa chai, anarudi. Amesema atakuja hivyo mpaka mwisho wa Septemba. Miaka kumi na moja ameingoja, Oktoba hataingoja.

Mwanao,
Ndindi


Jericho, Nairobi
14 Oktoba 1979

Kwako Baba mpendwa,

Natumai ulifika salama na Mwalimu Zedekiah hakukupoteza tena pale stesheni. Mimi ni mzima. Ndani ya bahasha hii, katikati ya zile karatasi mbili ngumu, kuna picha. Usiifungue kwa vidole vyenye tumbaku. Mwambie Mwalimu asome kwanza barua yote, ndipo akuonyeshe.

Nakusimulia siku uliyokuwapo mwenyewe, najua. Lakini ulikuwapo na hukuona, kwa hiyo nitakuonea mimi.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, saa kumi ikikaribia. Mama alikuwa amemaliza chai na anafunga leso yake aondoke. Hukuwa umeandika kwamba unakuja. Mlango ulipofunguka na Mwalimu akaingia amekushika kiwiko, Mama alivua koti. Alifungua tena leso, akaitandika kitandani, akaenda kukaa kwenye stuli. Bega dirishani. Wewe hukuona amevaa nini, na hakuna aliyekwambia. Alikuwa amevaa lile rinda la machungwa, Baba. Limebana mikono na kola imekuwa ya manjano. Amelivaa kila Jumapili tangu Agosti, chini ya koti lake, na mimi nilikatazwa kukuandikia.

Nilipokupa sinia ulilishika kwa mikono miwili kama sahani ya kanisa. Mwanga ukaenda darini.

"Inamisha, Munyoki," Mama akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza baina yenu tangu redio. "Si hivyo. Hivyo unamulika ukuta. Sogea. Shusha kiwiko."

Ukasogea. Ukasema huoni mwanga unapoangukia.

"Mimi nauhisi shavuni," Mama akasema. "Ongeza kidogo. Hapo. Sasa usitikisike, mimi sikuwa natikisika."

Nikainama kwenye kamera. Uso wake wote ulikuwa umeamka, lakini ulikuwa uso wa mtu anayengoja kuambiwa ainuke. Mabega yamekazwa, mguu mmoja tayari umekanyaga. Sikubonyeza. Na hapo ndipo mlango ulipogongwa.

Ulimjua kwa sauti. Mzee Mbuthia, wajukuu watatu nyuma yake, anafurahi mpaka mlangoni kwa Nduta wanasikia: "Munyoki! Nasikia umerudi! Hebu tupige hata moja tu na hawa watoto!"

Baba, mimi niliacha kupumua. Norah, aliyekuwa kando yangu, naye aliacha. Mama alishusha macho, na nikaona ule mguu unasukuma sakafu.

Nawe hukugeuka. Sinia halikusogea hata kidogo. Ukasema, "Mbuthia ndugu yangu, leo hapana. Imebaki moja, na ni ya mke wangu."

Alifunga mlango mwenyewe, taratibu. Wajukuu wakaanza kuuliza kwa nini, akawanyamazisha.

Mama aliinua macho. Hakunitazama mimi wala kamera. Alikutazama wewe, pale nyuma ya sinia, na wewe ulikuwa umetazama ukutani, huna habari. Siwezi kukuandikia uso ule ulivyokuwa. Mwenyewe ulisema alikuwa mzuri mpaka ukaona haya, basi ni ule, umeongezewa miaka kumi na moja. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Uliuliza, "Umepiga?" Nikasema nimepiga. Ukasema, "Ametokaje?" na Mama akasema, "Nimetoka vizuri. Shusha mikono, utachoka." Hayo uliyasikia. Aliyosema baadaye nilipomsindikiza kituoni hukuyasikia, na hakunikataza kuyaandika. Alisema maharagwe ya Njiru mwaka huu yana wadudu. Akasema zamani ulikuwa ukileta ya Migwani, na kama bado unayo, yeye yuko hapa Jericho Jumapili zote, kwa sababu Norah bado hajui kushika sinia na itabidi amfundishe.

Filamu niliipeleka mjini mwenyewe. Fundi wa kuosha aliitazama akaisifu sana. Kisha akaniambia kuna kasoro, pembeni umeingia mkono wa mtu mzee umeshika sinia, na kidole gumba kimetikisika kidogo. Akachukua mkasi, akaniuliza kama aukate.

Nikamwambia auache.

Mwanao,
Ndindi